Kibali cha Mkono

Mwili wa mtu ndiyo milki yake ya kwanza, na ndiyo ya mwisho kumtoka. Nyumba yaweza kuuzwa, shamba laweza kugawanywa, na jina laweza kuchafuliwa. Lakini mwili hukaa na mwenyewe mpaka siku ya kufa. Kwa sababu hiyo mtu anapoulaza mwili wake mbele ya mwingine, akamwonyesha pale panapomuuma, amemkabidhi amana kubwa kuliko fedha. Swali ni hili: ni nani mwenye haki ya kumruhusu mtu kuipokea amana hiyo? Je, ni mgonjwa peke yake, ni majirani, au ni serikali?

Swali hili halikuzaliwa vitabuni. Laweza kuulizwa Mlola, kata iliyo katika Wilaya ya Lushoto, juu ya milima ya Usambara, kama linavyoweza kuulizwa katika mji wowote mkubwa. Katika vijiji vya milimani, mtu aliyeteguka mguu kwa kuteleza katika njia ya udongo wakati wa masika, au aliyekazwa mgongo kwa kubeba mzigo wa mboga kuupeleka sokoni, aghalabu haelekei hospitali kwanza. Hutafuta mkandaji. Mzazi aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto. Mtoto mchanga hupakwa mafuta na kunyooshwa viungo. Mzee aliyepooza huchuliwa asubuhi na jioni. Watendao kazi hii mara nyingi ni akina bibi, waliojifunza kwa mama zao. Hawana kibao mlangoni, wala bei iliyoandikwa ukutani. Malipo yao huwa shukrani, kipande cha sabuni, au mkungu wa ndizi.

Kazi hiyohiyo, ikishuka mjini au ikiingia katika hoteli za wageni, hubadili mavazi. Hupewa chumba, saa na bei, ikaitwa masaji. Mkono ni mkono, na mafuta ni mafuta, lakini sasa anayekandwa hamjui anayemkanda. Hapo ndipo sheria hubisha hodi.

Sheria za nchi zimekuja kwa zamu, kila moja na swali lake. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, iliuliza: mtu huyu anadhuru kwa siri? Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 iliuliza: mtu huyu anafanya biashara kwa haki? Mwaka 1982 halmashauri za wilaya zilipewa uwezo wa kutunga sheria ndogo, nazo zikauliza maswali ya usafi, ya mahali na ya ushuru. Mwisho ikaja Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kuwasajili waganga pamoja na mahali pao pa kazi, na swali lake ni hili: mtu huyu anafaa kuwatibu watu? Haya si swali moja. Ni kosa la kawaida kudhani kwamba aliyejibu moja ameyajibu yote. Mwenye kulipa ada ya biashara amethibitisha kwamba ana fedha za ada. Hajathibitisha kwamba anajua mahali mshipa unapopita.

Wako wasemao kwamba kijiji hakihitaji karatasi. Hoja yao si nyepesi. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani katika kanda ya Afrika, walipotafuta mwaka 1976 maana ya mganga wa jadi, walisema kwamba ni mtu anayetambuliwa na jamii anamokaa kuwa ana uwezo wa kutibu. Jamii ndiyo shule, na jamii ndiyo mtahini. Mkandaji wa Mlola ametahiniwa kwa miaka arobaini. Watoto aliowanyoosha viungo wanatembea njiani, na kila mmoja wao ni hati yake. Akikosea, kosa lake hujulikana kabla ya jua kuchwa. Ni ofisi gani iwezayo kumchunguza mtu kwa muda mrefu hivyo? Tena, bibi asiyepokea ila sabuni, akidaiwa ada, hataomba kibali, ataacha kazi. Na usiku wa mvua, njia zikiwa zimekatika, mzazi atabaki na maumivu yake pamoja na sheria nzuri.

Hoja hii ingalitosha lau kijiji kingaliona kila kitu na kusema kila kionwacho. Lakini kijiji huona mengi na kusema machache. Kijiji humjua aliyepona, kwa kuwa aliyepona hutembea na kusimulia. Aliyedhurika hukaa ndani. Mguu uliovunjika ukafungwa kwa vijiti na kitambaa kilichokazwa kupita kiasi, damu hushindwa kupita, nyama hufa, na mwishowe mguu hukatwa. Uvimbe wa mguu uliotokana na damu kuganda, ukichuliwa kwa nguvu, kipande cha damu chaweza kung'oka kikapanda mpaka kwenye mapafu na kuua. Tumbo la mjamzito anayetokwa na damu si mahali pa kusukumwa na mkono wowote. Katika misiba kama hiyo watu husema kwamba siku zimefika, na mkandaji hubaki na sifa zake. Yeye mwenyewe huenda akawa hana hatia ya nia; lakini hakuna aliyemwambia kilichotokea, naye atarudia lilelile kesho kwa mkono wa huruma.

Lipo na lililo baya zaidi. Msichana akiguswa pasipopaswa kuguswa, na mwenye mkono akiwa mtu mzima mwenye heshima, msichana huyo atakwenda kwa nani? Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Kwa hekima hiyo watu hujifunua mbele ya wajuzi. Lakini ukarimu wa methali hii unahitaji mlinzi. Anayetakiwa asifiche uchi wake ana haki ya kutaka asiyeficha mkono wake.

Wala wingi wa watu wanaoamini si ushahidi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya wagonjwa walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Watu hao walimtambua mtoa dawa kwa moyo wote. Utambuzi ulikuwapo, kilichokosekana ni muda na njia ya kujua nani aliyepona na nani asiyepona. Umati hutoa imani upesi, lakini hautoi hesabu.

Washambaa wa kale walikuwa na fikira inayofaa kukumbukwa hapa. Walisema juu ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na juu ya kubana shi, yaani kuidhuru. Mfalme wa Wakilindi aliyeketi Vugha alidhaniwa kuwa na dawa za mvua. Nguvu ileile iliyoleta mvua iliweza kuleta njaa. Hawakuwa na dawa mbili, moja njema na moja mbaya. Nguvu ilikuwa moja, na swali lilikuwa jinsi inavyoshikwa. Mkono wa mkandaji una hali hiyohiyo. Wenye uwezo wa kurudisha mfupa mahali pake una uwezo wa kuutoa. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mkono una nguvu; yafaa kuuliza unajibu kwa nani.

Mfano mmoja wa mbali waweza kusaidia. Mwaka 1894 ilitangazwa London kwamba baadhi ya nyumba zilizojiita za kuchulia zilikuwa madanguro. Aibu hiyo iliwaangukia hata wale waliofanya kazi kwa unyofu. Wanawake wanne waliokuwa katika kazi za uuguzi na ukunga hawakungoja serikali iwatenge na wabaya. Waliunda chama mwaka uleule, wakajiwekea mitihani, wakajifunga kutokanda ila kwa maelekezo ya daktari, na kutokanda wanaume ila kwa sababu maalumu. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na wazao wake wa kazi ni wataalamu wa viungo waliomo leo katika hospitali za Uingereza. Masharti yao mengine ni ya zama zao na hayawezi kuhamishwa Usambara. Lakini maana ya tendo lao haijazeeka: waliona kwamba jina jema ni mali ya wote walio katika kazi moja, na kwamba kila mmoja ana haki ya kuulizwa na wenzake.

Hapo maana ya kibali hudhihirika. Kibali si zawadi ya serikali kwa mwenye kazi, wala si cheti cha kwamba mkono wake haukosei. Ni ahadi ya kwamba mwenye mkono anajulikana, anapatikana, na atajibu. Jirani aweza kupima ujuzi kuliko ofisi. Mgonjwa ndiye pekee awezaye kutoa idhini ya mwili wake. Lakini kumsikiliza aliyeumizwa asiyethubutu kusema mbele ya jirani, hiyo ni kazi inayohitaji mahali palipo nje ya ujirani. Kwa ajili ya huyo, wala si kwa ajili ya sanduku la halmashauri, kibali kina haki ya kuwapo.

Ikiwa hivyo ndivyo, kipimo cha kibali chema si ukubwa wa ada. Mwenye chumba, saa na bei alipe kama wafanya biashara wengine, maana mgeni anayekandwa humo hana majirani wa kumtetea. Bibi wa kijijini aandikwe jina bila ya kutozwa, mbele ya mashahidi wanaomjua. Aonyeshwe na mganga wa kituo cha afya dalili ambazo mkono lazima urudi nyuma mbele yake: mfupa uliotokeza, uvimbe wenye joto, damu ya mjamzito. Na watu wote waambiwe, wasichana kwanza, ni mwanamke gani apokeaye malalamiko. Daftari lisilokuwa na ukurasa wa malalamiko ni daftari la kodi tu, hata likiitwa jina gani.

Methali yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sheria nayo ni mgeni milimani. Ikija kuhesabu sabuni na ndizi za vikongwe, wenyeji wataificha mikono yao, na wagonjwa watakandwa gizani. Ikija ikiwa na sikio, mkandaji mwema hatakuwa na sababu ya kuikimbia, kwa kuwa mwenye mkono safi haogopi kuulizwa ulikopita.