Maziwa ya Ngamia na Mtungi wa Manjano

Wanangu wa Kutulo, nanyi vijana mnaoniita Abti, yaani mjomba, hata siku msiponisikiliza, ketini kidogo. Maneno haya nimeyasema kisimani na nimeyasema sokoni. Leo nayarudia kwa kuwa mitungi ile ile ya plastiki bado naiona juu ya basi la El Wak, jua la saa sita likiichoma na maziwa ya ngamia yakiwa ndani.

Plastiki hutokana na mafuta ya petroli, kisha huongezwa kemikali: ya kuilainisha, ya rangi, ya kuifanya istahimili jua. Si zote zinazobaki humo. Joto huzitoa, mafuta huzivuta, na maziwa yana mafuta. Uchachu nao huzisaidia kutoka, na suusa, maziwa yetu ya kuchachuka, mnaichachusha humo humo. Yote matatu mmeyakutanisha ndani ya mtungi uliokwaruzika kwa kusuguliwa na mchanga. Baadhi ya kemikali hizo huiga homoni za mwili, na hofu kubwa ni kwa mtoto aliye tumboni na yule mchanga.

Kijana aliyesoma ataniambia: Abti, mtungi wa manjano ni plastiki namba 2, hauna bisfenoli A. Kweli, mwanangu. Hiyo hupatikana zaidi kwenye plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, na Ulaya waliipiga marufuku katika chupa za watoto wachanga mwaka 2011. Lakini namba iliyo chini ya mtungi haikuambii ulibeba nini kabla yako. Huenda ulikuwa na mafuta ya kupikia. Huenda ulikuwa na dizeli, au dawa ya kupe. Vitu hivyo huingia ndani ya plastiki yenyewe, na sabuni haivimalizi. Ukinusa mtungi mtupu ukapata harufu, basi maziwa nayo yataipata, pamoja na kinachoitoa.

Siwaambii mrudie dhiil, kile chombo cha maziwa cha kusukwa. Kuisuka ni kazi ndefu ya akina mama, na makanga wa basi hana subira nayo. Ila dhiil ilifukizwa kwa kijinga cha moto, na moshi ule uliua vijidudu. Siku hizi wapo wanaoufukiza mtungi wa plastiki vivyo hivyo! Huko si kuusafisha, ni kuupasha moto kemikali zitoke.

Na chai, jamani. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, nanyi mliokuwa mkibebea chai humo mkahamia kuimimina ikichemka kwenye chupa za soda za plastiki; joto ni lile lile.

Kopo la chuma kisichoshika kutu ni ghali, najua, hasa baada ya ukame. Basi changeni watu watatu au wanne mnunue moja. Hadi hapo, mtungi uwe mpya, ukae kivulini, maziwa yapoe kabla ya kutiwa, na wenye harufu upelekeni kwenye maji ya kujengea. Maziwa ya mtoto mchanga msiyatie mtungini kabisa, hata leo jioni.