Wazazi na Chanjo ya Tetekuwanga

Wako wazazi wa huku Usambara waliotuuliza swali ambalo kwa kulitazama mara moja laonekana dogo. Wamesikia ya kuwa iko chanjo ya kumkinga mtoto na tetekuwanga. Ya kuwa katika nchi nyingine watoto wote huchanjwa. Na ya kuwa hapa Tanzania haimo katika chanjo zitolewazo bure na Serikali, ila mwenye fedha huweza kuinunua katika baadhi ya hospitali za mijini. Je, yawapasa kuitafuta? Au wamwache mtoto augue kama walivyougua wao, apone, na habari iishe?

Twasema laonekana dogo, kwa kuwa ugonjwa wenyewe watu hawauogopi. Ndui wazee wetu waliiogopa, nao walikuwa na haki. Tetekuwanga hutajwa kwa kicheko. Mtoto hushikwa na homa, hutokwa na vipele vyenye maji, hujikuna usiku kucha na kuwanyima wenzake usingizi. Baada ya juma moja au mawili magamba hukauka, naye huyo, yuko nje akicheza. Kwa hiyo wengi husema, "Ni ugonjwa wa watoto, afadhali aupate mapema." Wengine hata humlaza mtoto asiye mgonjwa kitanda kimoja na nduguye anayeugua, kusudi waugue pamoja na taabu ya kuuguza iwe moja.

Hatuwacheki watu hawa. Neno lao lina kweli ndani yake. Mtu mzima apatapo tetekuwanga huugua zaidi kuliko mtoto, na aliyekwisha kuugua mara moja kwa kawaida haugui tena. Waliliona jambo hili kwa macho, wakalifuata. Lakini yako mambo ambayo macho ya nyumba moja hayawezi kuyaona. Kwanza, vijidudu vya tetekuwanga havitoki mwilini mgonjwa akiisha kupona. Hujificha katika mishipa ya fahamu miaka mingi, na mtu akizeeka, au akidhoofika kwa ugonjwa mwingine, huweza kuamka tena, ndio ule mkanda wa jeshi unaowatesa wazee wetu kwa maumivu kama ya moto. Pili, mtoto huanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla kipele cha kwanza hakijatokea. Fikirini gari litokalo Mombo kupanda Soni hadi Lushoto, watu wamebanana, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Mtoto amepakatwa, ana homa kidogo tu, mama yake adhani ni mafua. Kando yake ameketi mwanamke mwenye mimba ambaye utotoni hakuugua tetekuwanga. Nyuma yake yuko mtu atokaye hospitali, ambaye dawa za saratani zimeondoa nguvu za mwili wake. Kwa mtoto yule ni juma moja la kujikuna. Kwa hao wawili yaweza kuwa ugonjwa wa mapafu na kifo, na kwa mimba yaweza kuwa hasara kwa mtoto aliye tumboni.

Basi tuonapo mzazi akisema, "Mtoto ni wangu, nami nimeamua," twaona kwamba ameamua pia kwa ajili ya watu asiowajua, nao hawakuulizwa.

Chanjo yenyewe ilitoka kwa baba aliyemwuguza mwanawe. Mwaka 1964 daktari mmoja wa Kijapani, Michiaki Takahashi, alikuwa akifanya kazi Houston, Marekani, mwanawe mwenye umri wa miaka mitatu akashikwa na tetekuwanga kali, hata baba akamwogopea kufa. Mtoto alipona. Baba aliporudi kwao Japani hakusahau usiku ule. Akashika kazi ya kuvidhoofisha vijidudu vile, hata mwaka 1974 akawa ameipata chanjo. Wamarekani waliikubali kwa watoto wao wote mwaka 1995. Hatusemi kwamba mapenzi ya baba ni ushahidi wa dawa kuwa njema. Ushahidi ni watoto wengi mno waliochanjwa tangu hapo. Twalitaja kwa sababu watu wengine hudhani chanjo zote zilibuniwa na watu wasiojua uchungu wa mwana.

Sasa twafika penye fundo. Ikiwa chanjo ni njema, mbona nchi nyingi hazikuitoa kwa wote? Hapa pana shauri linalostahili kufikiriwa polepole. Waganga wa Uingereza kwa miaka mingi waliiacha, na sababu mojawapo ni hii: waliona kwamba mtu mzima akikaa karibu na watoto wagonjwa, nguvu za mwili wake huamshwa tena, na hivyo mkanda wa jeshi huzuiliwa usimpate. Watoto wote wakichanjwa, walihofu, wazee wangeumwa zaidi. Angalieni maana yake. Watoto waliachwa waugue, na ugonjwa wao ukahesabiwa kuwa faida kwa wakubwa.

Je, jambo hili ni haki? Sisi twaona si haki. Katika mila zetu mkubwa humfunika mdogo; hatujasikia mzee wa Kishambaa akimweka mjukuu mbele yake ili mshale umpate yeye kwanza. Lakini mtu aweza kutujibu, "Ninyi nanyi mwataka mtoto achomwe sindano kwa ajili ya mwanamke wa kwenye gari. Si yale yale?" Hapana, si yale yale, ijapokuwa yafanana. Yule achanjwaye hupata ulinzi wake mwenyewe kwanza, na jirani hupata ulinzi kwa ziada. Maumivu ni ya siku moja au mbili, mkono kuvimba kidogo, homa ndogo, pengine vipele vichache. Bali yule aachwaye augue kwa faida ya wengine hupewa mzigo, wengine wakapewa nafuu. Waingereza wenyewe hatimaye waligeuka. Waliona kwamba katika Marekani hofu ile haikutokea kama ilivyodhaniwa. Washauri wao wakatoa shauri jipya mwaka 2023, na tangu Januari 2026 watoto wao huanza kuchanjwa.

Iko sababu ya pili, nayo yatuhusu zaidi sisi wa nchi zisizo na mali nyingi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2014 kwamba nchi isianze chanjo hii kwa wote ila kama yaweza kuwafikia watoto wasiopungua 80 katika kila 100, na kuendelea hivyo mwaka kwa mwaka. Kwa nini? Wakichanjwa nusu tu, ugonjwa hauishi, bali hupunguza mwendo. Wale wasiochanjwa hawaupati utotoni kama zamani. Huupata wakiwa watu wazima, wakati ule ule ambapo huwa mkali, na wanawake wengine huupata wakiwa na mimba. Na hao wasiochanjwa watakuwa nani? Watakuwa watoto wa vijiji vya mbali, ambao mama zao hutembea kwa miguu kutwa kwenda kliniki. Kwa hiyo kazi ya nusu yaweza kumdhuru maskini kuliko kutofanya kazi kabisa. Twadhani Serikali ikingoja kwa sababu kama hii haistahili kulaumiwa upesi.

Lakini swali la Serikali si swali la mzazi. Mtoto mmoja wa Lushoto akichanjwa, au hata ishirini, mwendo wa ugonjwa katika nchi haugeuki, wala hakuna jirani apatwaye na hasara. Kwa hiyo mwenye uwezo asizuiliwe na hesabu zile. Akiweza kuinunua pasipo kupunguza chakula cha nyumba wala karo ya shule, na ainunue. Hasa ikiwa nyumbani mwake yumo mtu aliye dhaifu, maana chanjo hii ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, wala haitolewi kwa mwanamke mwenye mimba, wala kwa mtu ambaye nguvu za mwili wake zimevunjika sana. Watu hao hawana ngao ila wale wanaowazunguka. Na asiye na uwezo asihukumiwe na mtu, wala asijihukumu. Tumesikia mahali pengine wazazi wenye mali wakiwanong'ona wenzao kwa jambo hili. Ni aibu.

Neno letu ni jingine kwa habari ya chanjo zilizopo bure. Surua ni nduguye tetekuwanga kwa sura tu. Huua watoto, na wengine huwapofusha. Chanjo yake, pamoja na ya rubella, hutolewa mtoto atimizapo miezi tisa, na tena miezi kumi na minane, bila malipo. Wengi huleta mtoto mara ya kwanza, na mara ya pili huisahau, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea na mama ana kazi ya shamba. Katika Februari 2024 Serikali ilituma watu nchi nzima kuwachanja watoto walio chini ya miaka mitano. Hapo mzazi hawezi kusema habari ya fedha.

Huweza kusema habari ya imani, nasi tumesikia ikisemwa: "Mungu ndiye mlinzi wa mtoto wangu." Ndiye kweli. Lakini Walutheri wasisahau yaliyotokea Wittenberg mwaka 1527. Tauni iliingia mjini, chuo kikahamishwa, naye Martin Luther akabaki pamoja na wagonjwa, mkewe akiwa mja mzito. Akaandika waraka kwa Johann Hess wa Breslau, juu ya kuikimbia tauni. Mtu aliyebaki kwa imani namna hiyo tungedhani atadharau dawa. Kumbe aliagiza watu watumie dawa, wafukize nyumba zao, wajiepushe na mahali wasipohitajiwa na jirani. Na ya mtu akataaye dawa kwa kujisifia imani, alisema amjaribu Mungu, na jirani akifa kwa kuambukizwa naye, ana sehemu katika kifo kile.

Kuna na wale wasiotaja imani wala fedha, waogopa tu. Hofu hii nayo tusiidharau, maana mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mtu wa namna hii. Jina lake Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia. Alikuwa karibu na wachanjaji kila siku, naye akaikwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Oktoba 1977 alipanda gari kuwaonyesha njia watu waliochukua watoto wawili wenye ndui. Siku chache baadaye akaugua. Wakasema kwanza ni malaria, kisha wakasema ni tetekuwanga, wakamrudisha nyumbani, akizungukwa na rafiki waliokuja kumtazama. Alipona, na kwa rehema hakumwambukiza mtu. Baadaye akawa mhubiri wa chanjo ya polio kwa watu wa kwao, akiwasimulia hofu yake mwenyewe pasipo kuficha, na katika kazi hiyo alifariki mwaka 2013. Walimu wetu wa vijijini watakaopenda kusema na wazazi wenye hofu, na waige namna yake.

Mtoto wa mwaka mmoja haulizwi. Siku moja atakuwa mtu mzima, aweza kuuliza kwa nini alichomwa, au kwa nini hakuchomwa. Mzazi atakayejibu, "Sikuwa na fedha, nikakulinda kwa njia nilizoziweza," amejibu vema. Mzazi atakayejibu, "Nilikulaza na mgonjwa ili nimalize kazi mara moja," sijui kama mwanawe ataridhika.

Kwa wale ambao mtoto amekwisha kushikwa, haya yawatosha kwa sasa: kateni kucha zake, mwogesheni, mpeni maji mengi ya kunywa, wala msimpe aspirini, maana kwa mtoto mwenye tetekuwanga yaweza kudhuru ini na ubongo. Akipumua kwa shida, au akilegea na kutotambua watu, mpelekeni hospitali, Bumbuli au Lushoto, mkitangulia kutoa habari mlangoni ili asiketishwe kati ya wanawake wenye mimba. Asiende shule, wala Shule ya Jumapili, hata vipele vyote viwe vimekauka na kufanya magamba.