Ada Si Kipimo cha Ubora

Wajukuu zangu mnaotengeneza gemu hapa Sengerema, kilio chenu nimekisikia. Maduka ya mtandaoni yamejaa takataka, gemu zenu hazionekani, na hata zikiuzwa mnakatwa. Wapo miongoni mwenu wanaosema heri ada ya kuingia ipandishwe, wababaishaji wabaki nje. Hapo nawapinga.

Mwaka 1999, wengi wenu mkiwa hamjazaliwa, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu wapo waliovua kwa sumu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: aliyetega nyavu kwa haki alikosa soko sawa na aliyemwaga dawa majini. Kilichofungua soko hakikuwa kiingilio alichotozwa mvuvi. Ulikuwa ukaguzi, mwaloni na viwandani.

Sasa litazameni duka la Steam. Mwaka 2017 liliachana na Greenlight, ambako wachezaji walipigia kura gemu za kuingizwa dukani, likaweka ada ya dola 100 kwa kila gemu, unayorudishiwa mauzo yakifika dola 1,000. Gemu mpya zikazidi kumiminika. Mwenye pesa na gemu mbovu hulipa akapita. Kijana wa Busisi mwenye gemu nzuri hukwama mlangoni.

Google Play hutoza dola 25, mara moja tu. Lakini anayefungua akaunti mpya binafsi hutakiwa kwanza gemu yake ijaribiwe na watu 12 kwa siku 14 mfululizo. Sharti hilo mnalilaani, mimi nalisifu: linadai jasho, si mfuko.

Kwenye makato, semeni bila woga. Steam huchukua asilimia 30, ila gemu ikipita mauzo ya dola milioni 10 makato hushuka hadi 25, na ikipita milioni 50 hadi 20. Mwenye kingi ndiye anayepunguziwa! Google mwaka 2021 ilielekea njia iliyo sawa, ikashusha hadi asilimia 15 kwa dola milioni moja ya kwanza ya kila mwaka.

Basi fanyeni hivi. Anzieni itch.io, ambako hamlipi kiingilio na asilimia ya duka mnaipanga wenyewe. Mkipanga bei, hesabuni kinachobaki: gemu ya dola 5 ikikatwa asilimia 30 inawaachia 3.50, kabla ya kodi. Watakaoijaribu wasiwe ndugu zenu, ndugu husifu. Kumbukeni pia kwamba mnunuzi wa Steam aliyecheza chini ya saa mbili anaweza kudai pesa yake ndani ya siku 14 tangu anunue.

Mkikaa kudai haki, daini mambo mawili kwa pamoja: ukaguzi unaopima kazi, na makato yanayomwanzia mdogo kwa unafuu. Anayedai la pili huku akilikwepa la kwanza, msimpe kiti cha msemaji wenu.