Udhamini wa Ufuko: Kina cha Bandari na Haki ya Mvuvi

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatamka kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na kwamba Rais anaishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote, hivyo kila anayetaka kuubadili ufuko wa Ziwa Victoria hana budi kujibu kwanza mdhamini anawiwa nini na wale anaowashikia mali yao. Mkoani Geita swali hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa bandari ya Nyamirembe wilayani Chato na mialo, yaani sehemu za ufukoni ambako mitumbwi hutia nanga na samaki huuzwa, hutegemea maji yaleyale.

Ziwa hilo, ambalo kina chake kikubwa kabisa ni takriban mita 80, huwa na maji machache zaidi kwenye ghuba, ambako tope la mito hutuama na magugu maji huziba njia. Kwa hiyo meli yenye shehena kamili haifiki gatini mpaka tope lichimbwe na njia iwekewe maboya. Uchimbaji huo huvuruga mazalia ya samaki, na katika mkoa ambao wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, tope linaweza kuwa na sumu iliyotulia, ambayo mtambo huitibua upya.

Hata hivyo, kutunza si kuacha kila kitu kama kilivyokutwa. Katika mfano wa talanta wa Injili ya Mathayo, anayelaumiwa ni mtumwa aliyeifukia mali ya bwana wake na kuirudisha bila kupungua. Uhaba wa usafiri salama nao huua: kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka katika ziwa hilohilo karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimejaza kupita uwezo wake, kilisababisha vifo vya watu zaidi ya 200.

Mpaka wa haki hiyo ya kuubadili ufuko unapatikana katika mafundisho ya Mtume Muhammad kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na pia katika sheria ya Kirumi iliyokusanywa chini ya Justinian mwaka 533, iliyozifanya bandari na mito kuwa vya umma huku ikimwachia kila mtu ruhusa ya kuvua humo. Kwa kipimo hicho, uchimbaji ni halali pale tope linapopimwa zebaki kabla ya kuguswa, kazi inaposimama wakati samaki wanazaa, na mwalo mbadala unapokuwa tayari kabla mvuvi hajaambiwa ahame. Mdhamini anayechimba bila kutimiza hayo amevunja udhamini sawasawa na yule aliyefukia talanta, kwa maana wote wawili wamewanyima wenye mali faida ya mali yao.