Fuvu la Sultani Lusinga

Mwaka 1883 Bwana Storms, askari Mbelgiji, alijenga boma huko Mpala, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Mwaka 1884 watu wake walimwua sultani Lusinga, wakamkata kichwa. Storms akalichukua fuvu Ulaya. Mwaka 1885 boma likakabidhiwa Mapadri Weupe.

Wengine husema: Lusinga aliteka watu na kuwauza, basi alistahili. Kweli, aliteka. Lakini Amri ya Tano haikuwekwa kwa ajili ya kuwalinda watu wema peke yao. Na Amri ya Saba yatuagiza kurudisha kilichoibwa, hata kama ni mbuzi. Sembuse kichwa cha mtu!

Storms alikufa mwaka 1918. Mjane wake akalitoa fuvu kwa nyumba ya makumbusho ya Tervuren. Waliolipokea hawakumwua mtu. Walakini walijua ni la nani.