Mnyama Asiyeliwa Ana Faida Gani?

Ndugu msomaji, liko swali ambalo watoto wa mafundisho huniuliza, nami nalisikia hata kwa watu wazima: mnyama asiyeliwa, asiyefugwa wala kuuzwa, Mungu alimwumba kwa nini?

Siku moja nilisafiri kwa mtumbwi kutoka Sake, tukifuata ukingo wa ziwa Kivu. Sisi hatuna matanga kama majahazi ya Zanzibar. Twapiga makafi polepole, karibu na nchi kavu. Upande ule ukingo ni mawe meusi matupu. Ndio moto wa mlima Nyamulagira, ulioshuka mpaka ziwani mwaka 1938, ukapoa. Juu ya jiwe mnandi alikuwa amekunjua mabawa yake yakauke. Mdiria alisimama hewani, kisha akajitupa majini kuvua.

Mara wakatokea fisi maji wawili, shingo zao zina madoa meupe, wakicheza katikati ya mawe. Mimi nilifurahi. Mzee mwenye mtumbwi hakufurahi. Aliinua kafi apige.

"Baba, mwache," nikasema.

"Mwalimu, huyo ni mwizi. Juzi amenipasulia wavu. Wewe unaangalia tu. Mimi nina watoto sita."

Neno lake lilinichoma, maana lilikuwa kweli. Anayeangalia tu hapotezi kitu.

Basi, tufikiri. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba Mungu aliumba viumbe vya namna nyingi, kwa sababu kiumbe kimoja peke yake hakitoshi kuonyesha wema wake. Kwa hiyo fisi maji ana kazi yake mbele ya Mungu, hata kama hana kazi jikoni mwetu. Papa Fransisko naye, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba viumbe vina thamani machoni pa Mungu, si kwa faida yetu tu. Tena, amri ya kutoiba tulipewa sisi, si wanyama. Sambaza tunaowavua leo waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Fisi maji alikuwa akivua humu kabla yao.

Lakini tusikosee upande wa pili. Mtoto mwenye njaa ni mkubwa kuliko mnyama. Mungu aliwapa watu mamlaka juu ya samaki na ndege, na mwenye haja hatendi dhambi akivua kwa haki. Dhambi huingia pale mtu anapoua kwa hasira, kwa mchezo, au kwa tamaa ya kumaliza. Sisi tu wasimamizi, si wenye mali, tutaulizwa hesabu.

Ndugu zetu wa Walikale wana swali hilohilo msituni, tena zito zaidi. Mtego wa waya uliotegewa swala waweza kumnasa gorila mkono. Na gorila wa namna ile haishi popote duniani ila huku mashariki mwa Kongo. Akiisha huku, ameisha. Lakini aliyetega alikuwa akitafuta kitoweo cha watoto wake. Je, tumwambie aache, kisha twende zetu?

Hapana. Kumwambia maskini amwache mnyama, na hasara aibebe peke yake, ni kama wale Mafarisayo waliofunga mizigo mizito juu ya mabega ya watu, wao wenyewe wasiiguse hata kwa kidole.

Tulipofika pwani nikamwomba mzee ule wavu. Sindano ilinichoma vidole, na mafundo yangu aliyafungua yote, akayafunga upya, huku akicheka. Lakini tangu hapo tuliweza kuzungumza.

Basi, ndugu, tuviangalie viumbe vya Mungu na kumsifu aliyeviumba. Na tukimwomba jirani aviache vikae hai, tushike nasi upande mmoja wa wavu wake.