Jirani wa Yai

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu katika imani, Qur'ani inatuhimiza tuzitazame nafsi zetu, kwani humo zimo ishara. Leo tuitazame ovari ya mwanamke.

Yai linalokomaa humo haliwezi kuitumia glukosi vizuri peke yake. Limezungukwa na seli ndogo ndogo. Hizo ndizo zinazoichukua glukosi, zikaivunja kuwa piruveti, kisha zikalipa yai. Mitokondria za yai huitumia piruveti hiyo kutengeneza nguvu. Jirani anapika, mwenye haja anakula.

Wala jirani hapiki ovyo. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni ya FSH, na seli hizo huongeza kasi ya kuchukua glukosi. Homoni ya LH ikipanda ghafla, yai humaliza kukomaa na kutoka. Pale lilipotoka huumbika tezi ya muda inayotoa projesteroni, hata joto la mwili hupanda kidogo. Subhanallah!

Lakini kazi yote hii inategemea chakula. Mwili ukipungukiwa nguvu kwa muda mrefu, ubongo hupunguza amri za homoni, na hedhi inaweza kukoma. Dada yangu, kujinyima chakula ili uwe mwembamba si ibada. Mwili ni amana. Miezi 3 ikipita bila hedhi, usiseme ni mitihani tu. Nenda ukamwone daktari.

Wapo pia wasiokula kwa sababu fedha zimekwisha. Ukimkaribisha mwenzako hosteli anajibu, "Nimefunga," kumbe anasitiri shida yake. Hapo swali ni letu sote. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba imani ya mtu haitimii akilala ameshiba, na jirani yake ana njaa naye anajua.

Seli isiyo na akili inamlisha jirani yake kila siku, wala haimtangazi. Sisi tuliopewa akili, je, tunamjua aliye chumba cha pili? Ongeza kikombe cha maharage kwenye sufuria, upeleke sahani kimya kimya, usimuulize kitu.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuzitunze amana zako, na utufanye majirani wema. Amin.